Likizo ya Naxos hatua kwa hatua: feri kwanza, mengine yatafuata

Mwaka jana mdogo wangu na mumewe waliamua kwamba badala ya mimi kurudi Tanga, au wao kuja Hamburg kutetemeka na baridi, tukutane katikati. Shemeji ndiye aliyetaja Ugiriki. "Shemeji, vile visiwa vyenye nyumba nyeupe, wewe si unavijua? Tupangie." Kweli navijua, au tuseme nakijua kimoja: Naxos, ambako sasa nimeshafika mara nne. Ujumbe niliowaandikia uligeuka kuwa mrefu kama hati ya mirathi. Tangu hapo nimeutuma kwa watu wengine watatu, na kila mmoja amerudi na maswali yaleyale. Huu hapa, pamoja na majibu.

Kwanza, kwa nini Naxos. Wengi wakisikia kisiwa cha Ugiriki wanafikiria Santorini. Nimefika Santorini. Picha ni nzuri, ila utapanga foleni kuipiga, na chumba chenye mandhari hiyo kitakukausha mfuko. Naxos ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Cyclades, lile kundi la visiwa vya Ugiriki, karibu kilomita za mraba 430. Kina mlima unaozidi mita 1,000, kina mashamba ya viazi, kina mbuzi na ng'ombe, na wenyeji wake wana shughuli zao hata mgeni asipokuja. Fukwe za upande wa magharibi zinafuatana kama shanga. Mtu wa pwani hatashangaa mchanga. Atashangaa bahari isiyojua kupwa na kujaa: siku tulivu acha ndala zako karibu na maji asubuhi, jioni utayakuta maji palepale.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Nenda Septemba. Maji bado yana joto, watoto wa Ulaya wamerudi shule, bei zimeshuka. Juni pia inafaa. Julai na Agosti ni umati, gharama, na upepo ambao nitaueleza kwenye hatua ya 4 mpaka uchoke. Kama huna budi kwenda Agosti, usisafiri siku za karibu na tarehe 15. Hiyo ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria kwa Waorthodoksi, Athens nzima huhamia visiwani, na feri hujaa wiki nyingi kabla. (Ukiwa tayari uko kisiwani, siku hiyo panda kijiji cha Filoti. Wanacheza ngoma hadi usiku wa manane, na hakuna anayekuuliza umealikwa na nani.)

Kuanzia Novemba hadi Machi sehemu nyingi za ufukweni zimefungwa.

Hatua ya 2: Viza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiletwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Mimi nasema peleka miezi mitatu kabla. Bima ya safari igharamie angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka. Ukipita nchi zaidi ya moja, unaomba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Vyumba weka vile vinavyofutika bila malipo, na feri usilipie mpaka viza iwe mkononi.

Sisi wenye kibali cha ukazi cha nchi ya Schengen hatuombi viza, ila ile kadi ya ukazi ibebe pamoja na pasipoti. Nimeshamwona mtu amezuiwa uwanjani kwa sababu aliiacha kwenye droo.

Hatua ya 3: Ndege hadi Athens

Hili mnalijua. Kutoka Dar mtapita Doha, Dubai au Istanbul. Sharti langu ni moja tu: ndege ya kurudi isiwe siku ileile mnayotoka kisiwani. Iwe kesho yake.

Naxos ina uwanja wa ndege, lakini njia yake ya kurukia ni fupi, mita 900 hivi, kwa hiyo hutua ndege ndogo za mapanga tu. Safari ni kama dakika 40 kutoka Athens. Viti ni vichache na huisha mapema. Mimi sipandi: nimekuja baharini, kwa nini niruke juu yake?

Hatua ya 4: Feri

Hapa kaa kitako. Hatua hii ilinigharimu ndege moja, usiku mmoja na machozi kidogo.

Anza na bandari. Athens haina bandari moja. Kubwa ni Piraeus, kusini-magharibi mwa jiji, na ndiko zinakotoka feri nyingi za Naxos. Nyingine ni Rafina, upande wa mashariki, pwani nyingine kabisa. Kiangazi boti kadhaa za Naxos hutokea huko. Tovuti za tiketi huziorodhesha zote mbili chini ya jina "Athens". Mwaka wangu wa kwanza nilikata tiketi ya bei nzuri, nikapanga chumba Piraeus ili niamke karibu na meli, na saa nne usiku ndipo nikasoma tiketi vizuri: Rafina. Alfajiri nililipa teksi kuvuka jiji zima, na ile bei nzuri ikaishia hapo. Kwa hiyo soma jina la bandari kabla ya kusoma bei. Rafina si mbaya, kwanza iko karibu na uwanja wa ndege na kuna basi la moja kwa moja. Ubaya ni kutokujua unakwenda ipi.

Kwenda Piraeus kutoka uwanja wa ndege kuna njia mbili za maana. Metro ya mstari wa 3 imefika bandarini tangu Oktoba 2022, hubadilishi treni, ni karibu saa nzima. Tulipolipa ilikuwa euro 9. Ya pili ni basi X96, bei rahisi zaidi, linachelewa zaidi kwa ajili ya foleni, lakini lina sifa moja: metro hulala usiku, X96 halilali. Ukitua usiku wa manane na feri yako ni ya alfajiri, basi hilo ndilo lako.

Bandari ya Piraeus ni kubwa kuliko unavyoiwaza. Mageti yameandikwa E1, E2 na kuendelea hadi E10, na kutoka la kwanza hadi la mwisho si mwendo wa kukokota sanduku juani. Kituo cha metro kinatazamana na E6 na E7, na meli kubwa za Cyclades mara nyingi ziko upande huo. Mara nyingi, si kila siku. Geti hutajwa kwenye tiketi au ujumbe wa simu, na siku ya safari angalia tena. Likiwa mbali, kuna basi la bure linalozunguka ndani ya bandari.

Saa sasa. Ratiba zimeandikwa kwa saa 24. Feri kubwa ya asubuhi huondoka karibu 07:30. Nilimwambia mdogo wangu kwa simu "saa moja na nusu", akaelewa vizuri kwa sababu anaishi Tanga. Rafiki yangu wa hapa Hamburg, Mkenya aliyeishi Ulaya miaka 20, nilipomwambia maneno hayohayo alikuja kuniuliza tutakula wapi chakula cha mchana kabla ya kuondoka. Mkipanga safari na ndugu kutoka pande mbili za dunia, andikeni tarakimu. Msitamke saa.

Halafu aina ya chombo. Kuna meli kubwa, ya kubeba magari na malori, inayochukua zaidi kidogo ya saa tano kutoka Piraeus. Kuna boti za kasi zinazochukua saa tatu na nusu hadi nne, na nauli yake hukaribia mara mbili. Mimi ni mtu wa meli kubwa na sina mpango wa kubadilika. Unakaa juu kwenye hewa, unaona visiwa vinakuja kimoja kimoja, unakunywa kahawa, watoto wanakimbia. Kwenye boti nyingi za kasi unafungiwa ndani kama kwenye ndege, na bahari ikichafuka mifuko ya kutapikia inagawiwa kama karanga. Ila hiyo siyo sababu yangu kubwa. Sababu kubwa ni upepo.

Upepo huo unaitwa meltemi. Unavuma kutoka kaskazini, ukishuka Bahari ya Aegean, na unashika zaidi Julai na Agosti. Nilipoelezwa asili yake nilicheka, kwa sababu ni jamaa wa upepo wetu. Kiangazi joto la bara la Asia hushusha kanieneo ya hewa, na hali hiyo hufika hadi Uturuki. Hewa nzito iliyo juu ya nchi za Balkan, kaskazini mwa Ugiriki, husukumwa kuelekea huko, ikawa meltemi. Joto hilohilo la Asia ndilo linalovuta kusi ipande pwani ya Afrika Mashariki miezi hiyohiyo. Mvuvi wa Tanga anayekunja tanga lake Julai kwa sababu ya kusi na nahodha wa Naxos anayefunga kamba gatini wanasumbuliwa na jiko moja.

Tofauti ni kwamba meltemi haiji na wingu. Mbingu ni samawati, jua linawaka, watu wanaota jua ufukweni, na meli zimezuiwa. Hicho ndicho kinachowadanganya wageni. Mara nyingi hupanda nguvu mchana na kulegea usiku, lakini inaweza kuvuma siku tatu, nne, hata zaidi mfululizo bila kupumua.

Mamlaka ya bandari huangalia kipimo cha nguvu za upepo kiitwacho Beaufort. Hadi 6, meli kubwa zinakwenda kama kawaida. Upepo ukifika 7, boti za kasi zinaanza kufutwa. Ukifika 8, meli kubwa nazo kwa kawaida huzuiwa kutoka. Neno utakalolisikia gatini ni *apagoreftiko*, marufuku ya kusafiri. Likishatamkwa, hakuna wa kumlalamikia.

Mimi nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa mzee mmoja kwenye kibanda cha tiketi cha Naxos. Nilikuwa na boti ya kasi ya mchana, na ndege ya Hamburg usiku huohuo. Sikuelewa neno, nikamwonyesha tiketi. Akanyoosha kidole baharini, pale kwenye povu jeupe, akarudia neno lake. Nikakaa juu ya sanduku tangu saa tano asubuhi. Jioni upepo ulipolegea ikaja meli kubwa, imechelewa lakini imekuja, ikatubeba. Tulifika Piraeus usiku wa manane. Ndege ilishaondoka zamani, na tiketi mpya ya siku mbili baadaye ilinigharimu kuliko kisiwa chote.

Tangu siku hiyo nina kanuni tatu, na shemeji alizisikia mpaka akaziimba. Usiku wa mwisho unalala Athens, si kisiwani. Unarudi kwa meli kubwa. Na siku nne kabla ya kuondoka unaanza kuangalia utabiri wa upepo, mimi natumia programu ya Windy, ukitazama bahari iliyo kati ya visiwa na siyo mji wenyewe, kwa maana mjini unaweza kuona 5 na nje huko ni 7. Utabiri ukionyesha 8 siku yako, nenda ofisini ubadilishe uondoke siku moja mapema, kabla wengine hawajashtuka.

Kuhusu haki zako, hapa watu hutegemea vitu ambavyo havipo. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inasema safari ikifutwa, au ikitazamiwa kuchelewa kuondoka zaidi ya dakika 90, unachagua: upelekwe kwa safari nyingine au urudishiwe nauli. Hiyo ipo hata kwa upepo. Lakini kile kifungu cha kulipiwa hoteli, hadi euro 80 kwa usiku kwa siku tatu, hakifanyi kazi kama sababu ni hali ya hewa ya hatari. Fidia nayo hivyohivyo. Yaani nauli ya feri utaipata, chumba ni juu yako. Na ndege yako haimhusu mtu yeyote pale bandarini.

Tiketi zenyewe: natazama ratiba kwenye Ferryhopper kwa sababu inaonyesha kampuni zote pamoja, kisha nanunua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, ili kukiwa na mabadiliko nizungumze na mtu mmoja. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Ratiba za kiangazi hutoka kidogokidogo, kwa hiyo ukitafuta Septemba wakati bado ni Desemba ukakuta safari moja, usiwe na haraka. Daraja la kawaida bila kiti maalumu linatosha, ila panda mapema uwahi meza.

La mwisho kwenye feri ni kushuka, na hapa ndipo wengi hupotea. Ukiingia, masanduku unayaacha chini kwenye gereji, kwenye rafu zilizoandikwa majina ya visiwa. Weka kwenye rafu ya Naxos. Pasipoti, dawa na pesa panda nazo. Meli nyingi hupita Paros kwanza, na Paros nayo ina mji mweupe, gati na watu wanaoshuka kwa wingi. Usifuate mkumbo. Paros ikishapita, hesabu chini ya saa moja. Tangazo la Naxos likisikika, teremka gerejini papo hapo, usisubiri meli ifunge kamba, kwa sababu inasimama dakika chache tu kisha inaendelea. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sikuwahi kuielewa methali hiyo vizuri mpaka niliposimama gizani chini ya meli, katikati ya malori yanayounguruma, nikingoja mlango ushuke.

Hatua ya 5: Pa kulala

Mji mkuu unaitwa Chora. (Karibu kila kisiwa cha hapa kina Chora yake, ndiyo maana dereva wa teksi ukimwambia "Naxos" ukiwa Naxos anakutazama.) Mara ya kwanza lala Chora: mabasi yote yanaanzia hapo, ufukwe wa Agios Georgios uko kwa miguu, na jioni mji una uhai. Ukitaka ufukwe kwanza, Agia Anna au Agios Prokopios. Plaka ni nzuri kuliko zote ila utategemea basi au gari kwa kila kitu.

Tafuta vyumba vya kupangisha vya familia, wanaviita *domatia*, badala ya hoteli. Wenye nyumba wengi huja kukupokea bandarini bure ukiwaambia jina la meli. Kuna tozo ya mabadiliko ya tabianchi ambayo haimo kwenye bei ya mtandaoni na hulipwa ukifika. Tangu 2025, kuanzia Aprili hadi Oktoba, ni euro 2 kwa chumba kwa usiku kwenye hoteli ya nyota moja au mbili, 5 kwa nyota tatu, 10 kwa nne na 15 kwa tano. Siyo wizi. Usigombane na mtu wa mapokezi.

Hatua ya 6: Kuzunguka kisiwani

Basi kwanza, gari baadaye. Stendi iko mbele ya gati, unaiona ukishuka melini. Tiketi nunua kabla ya kupanda, kwenye ofisi yao, mashine au duka dogo. Kiangazi mabasi ya Agios Prokopios, Agia Anna na Plaka ni mengi, nauli ilikuwa karibu euro 2. Ya vijiji vya mlimani ni machache, ya Apollonas kule kaskazini ni machache zaidi. Piga picha ubao wa ratiba siku ya kwanza, na hasa saa ya basi la mwisho kurudi.

Majina yatakusumbua kwa sababu kila mtu anayaandika anavyojua. Halki na Chalki ni kijiji kimoja. Agia na Ayia ni neno moja. Apeiranthos utaikuta kwa tahajia tatu. Ukikosa kitu kwenye ramani, jaribu herufi nyingine kabla hujaamini kwamba hakipo.

Gari kodi siku mbili tu, za mlimani. Na hapa nina deni kwa shemeji. Leseni yake ni ya Tanzania, na mimi, niliyezoea leseni yangu ya Ujerumani, sikukumbuka kumwambia. Tulipofika kukodi, wakaomba leseni ya kimataifa. Sheria ya Ugiriki ya mwaka 2021 iliwasamehe wenye leseni za Uingereza, Marekani, Kanada na Australia; za Umoja wa Ulaya zilikuwa zikikubalika tangu awali; sisi wengine tunatakiwa kuwa na ya nyumbani pamoja na ile ya kimataifa. Na ya kimataifa hutolewa nchini kwako: Tanzania ni Chama cha Magari, AAT, na Kenya ni AA. Ukishafika Ugiriki umechelewa. Kwa hiyo niliendesha mimi siku zote mbili, shemeji pembeni akikanyaga breki ambazo hazipo kila kona, maana kule tunapita kulia na jicho lake lilikuwa linamwambia tunakwenda kufa.

Uliza mapema kama gari ni la klachi, mengi ni hivyo, na otomatiki yana bei ya juu na huisha. Dhamana hushikwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva, kadi ya kawaida hukataliwa sehemu nyingi. Bima ya msingi kwa kawaida haigusi matairi, vioo na upande wa chini wa gari, na njia za kwenda fukwe za mbali kama Alyko zina vumbi na mawe. Zunguka gari na simu ukirekodi kabla ya kuondoka. Zile pikipiki za magurudumu manne sitaki kuziona. Zinapinduka, zinakuchoma jua, na kwenye barabara ya mlimani kila lori linakusukuma ukingoni.

Hatua ya 7: Siku zenyewe

Usipange "Jumatatu ufukwe, Jumanne mlima". Amka, tazama upepo, kisha amua. Upepo ukilala: Plaka, maji yamekuwa kioo. Upepo ukiwa wa kati: Agios Prokopios, ambako pamejikinga kidogo. Ukivuma kweli, fukwe zilizo wazi mchanga unakuchapa miguu kama fimbo. Hapo wale wa kuteleza na tanga wanashangilia kule Mikri Vigla, na wewe unapanda mlimani.

Mlimani ndiko kunakonirudisha Naxos. Halki ina kiwanda kidogo cha kitron, kinywaji kinachotengenezwa kwa majani ya mti wa jamii ya balungi. Karibu na Sangri kuna hekalu la Demeter la marumaru, limesimama peke yake katikati ya mashamba. Apeiranthos vichochoro vyake vimetandikwa marumaru kama vile ndiyo mawe ya bei rahisi, na kwao ndivyo ilivyo. Apollonas, mwisho wa barabara, kuna sanamu ya mtu yenye urefu unaozidi mita 10, imelala chali pale ilipochongwa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, haikumaliziwa, haikuhamishwa. Mdogo wangu aliitazama muda mrefu akasema, "Dada, huyu fundi hakulipwa." Mimi naona ana haki.

Mlima Zas wenyewe, ule unaozidi mita 1,000, unapandwa kuanzia kanisa dogo la Agia Marina juu ya Filoti. Viatu vya kufunga, maji ya kutosha, uanze kabla jua halijakolea.

Lango la marumaru unaloliona ukiingia bandarini ni Portara, mlango wa hekalu la Apollo lililoanza kujengwa karibu mwaka 530 kabla ya Kristo na halikwisha. Jioni watu hujazana kuangalia jua likizama. Nenda alfajiri. Siku ya upepo, ile njia ya kuelekea huko hurushiwa mawimbi, simu iwe mfukoni.

Hatua ya 8: Kula

Kwa tusiokula nguruwe: nyama ya kuzungusha kwenye mkate, gyros, ukiiagiza bila kusema neno ni nguruwe. Mishikaki ya souvlaki hivyohivyo. Sema *kotopoulo*, kuku. Neno la kuepuka kwenye orodha ni *hirino*. Viazi vya Naxos vina jina Ugiriki nzima, na chipsi zake na jibini yao ya graviera ni mlo kamili. Mkate ukiletwa bila kuagizwa utaukuta kwenye bili, ni kawaida yao. Chooni karatasi hutupwa kwenye ndoo, siyo kwenye shimo. Mabomba ni membamba.

Hatua ya 9: Kurudi

Fika gatini dakika 45 kabla. Safari kadhaa huondoka karibu wakati mmoja, watu hupangwa kwenye vichochoro vyenye majina ya meli, na foleni ndefu si lazima iwe yako.

Ukisikia lile neno la mzee, usikimbilie ofisi ya tiketi kama mimi. Kwanza mpigie mwenye chumba ulikotoka, umwombe usiku mmoja zaidi, kwa sababu watu mia kadhaa walioko gatini watakitaka chumba hichohicho nusu saa ijayo. Ukishakipata, ndipo upange foleni ya kubadilisha tiketi, uombe meli kubwa ya kwanza itakayotoka. Halafu watumie ujumbe watu wa hoteli ya Athens kwamba utachelewa. Sisi na shemeji haikutukuta, ilikuwa Septemba na upepo ulikuwa 4. Lakini namba ya mama mwenye nyumba alikuwa ameshaiweka juu kabisa kwenye simu.